Simu kutoka Chumba cha Pili

Mume wangu ni fundi wa matrekta, na kwa trekta simtilii shaka. Lakini ukimpa neno ampelekee mtu, hilo neno litafika likiwa limepigwa pasi, halina hata mkunjo mmoja. Ukimwambia amwambie fulani kwamba umekasirika, fulani ataambiwa kwamba unamsalimia. Hana ubaya. Hapendi tu kuona uso wa mtu ukibadilika mbele yake, basi, na nimemzoea. Ila mwaka ule baba yake alipokuja kukaa kwetu Kitale, hiyo pasi ya mume wangu karibu ituchome sisi wote.

Mimi nauza mitumba ya watoto hapa sokoni, na kazi yangu ni mdomo. Kuanzia asubuhi naita wateja, nabishana bei, nataniana na akina mama wa mtaa wa Kipsongo wanaogeuza kila nguo ndani nje kabla hawajafungua kinywa. Nikifika nyumbani jioni sauti imekauka lakini maneno hayajaisha. Sasa mchukue mtu kama mimi, umweke nyumba moja na mzee ambaye hatakiwi kuongea naye, uone itakuwaje.

Maana kwetu Wabukusu mwanamke na baba mkwe wake wana adabu yao. Hampeani mkono. Hamketi kochi moja wala hamli meza moja, na yeye akiingia sebuleni wewe unatafuta sababu ya kutoka. Usoni humtazami. Salamu ya mbali inakubalika, tena ukiwa umeangalia upande, lakini jambo lolote lenye uzito linapitia kwa mtu wa tatu. Najua siku hizi watu wengi wa mjini wameachana na hayo, utamkuta mzee na mke wa mwanawe wamekaa pamoja wakibishana habari ya mpira. Baba mkwe wangu si wa hao. Alikuwa karani wa serikali mpaka akastaafu, huvaa koti hata jua likiwa kali, na adabu yake pia haivuliwi kwa sababu ya joto.

Mama mkwe alipokuwa hai hatukuwa na shida. Tulikuwa tukienda kwao Bungoma, kule karibu na Kibabii, wakati wa Krismasi, na yeye ndiye aliyetupelekea maneno. Aliyapeleka kama yalivyo. Mzee akisema kuku hana chumvi, mama mkwe alikuja jikoni akasema, mzee anasema kuku hana chumvi, naye mwenyewe akaongeza kwamba ni kweli. Nilikuwa nanuna kidogo halafu natia chumvi. Alipofariki, kazi hiyo ilimwangukia mume wangu, na hatukujua tumepoteza nini.

Mzee akabaki peke yake kwenye lile boma. Tulimsihi aje Kitale, akakataa, akasema ana ndizi zake na mti wake wa avokado na hataki kuwa mzigo. Ni huo mti wa avokado uliomleta. Alipanda juu ya ngazi, mtu wa umri ule, na koti lake, akitaka tunda moja lililokuwa limejificha kwenye tawi la juu. Ngazi ikateleza. Ilikuwa mchana, na alilala pale chini na mguu uliovunjika mpaka jioni, wanafunzi waliopanga vyumba vya jirani waliporudi kutoka chuoni wakamsikia. Hata kumbeba walimbeba vizuri, vijana wale, Mungu awabariki. Tunda lenyewe, nimeambiwa, lilikuwa bado mkononi.

Nilimuuliza mume wangu, kwa nini mzee hakumpigia mtu simu muda wote huo? Mume wangu alikuwa chini ya trekta shambani, simu yake ikiwa kwenye koti, koti likiwa kwenye ukingo wa shamba. Lakini si kuna watu wengine? Akanijibu kwamba simu ya mzee haikuwa na chaji. Nikakubali. Nani atabishana na simu isiyo na chaji?

Basi mzee akaja kwetu na plasta mguuni na magongo mawili. Tulikuwa watatu tu, kwa sababu binti yetu yuko shule ya bweni. Watatu na paka. Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba viwili vya kulala, sebule, na jikoni iliyotenganishwa na chumba alicholala mzee kwa ukuta mwembamba sana. Upande wa pili wa ua kulikuwa na chumba kimoja cha peke yake chenye mlango wake, lakini wakati huo kilikuwa na mpangaji.

Wiki ya kwanza ilikuwa kama mchezo wa watoto wa kujificha. Mzee alikuwa akikohoa kabla ya kufungua mlango, ili nijue anatoka. Nami nikisikia kikohozi naacha ninachofanya nakimbilia jikoni. Kuna siku alikuwa na mafua ya kweli, bana, nikakimbia siku nzima kumbe mtu yuko kitandani anaumwa. Chakula nilikuwa nakiweka mezani, nakifunika, nasema kwa sauti "chakula kiko tayari" bila kumwambia mtu yeyote, halafu natoweka. Mimi nilikula jikoni, nimesimama, kutoka kwenye sufuria.

Mume wangu akiwa kazini, tuliongea kupitia kwa paka. Usicheke. Mzee ndiye aliyeanza. Maziwa yalikuwa yakichemka, mimi niko nje naanika nguo, nikasikia kutoka sebuleni: "Paka, mwambie mama wa hii nyumba maziwa yanamwagika." Nikaingia mbio nikaokoa maziwa. Halafu nami nikasema, "Paka, mwambie baba nimeshukuru." Tangu siku hiyo paka akawa na cheo. Alinenepa. Na nataka niseme wazi kwamba katika maisha yangu sijapata mjumbe bora kuliko yule paka, kwa sababu hakubadilisha neno hata moja.

Shida ni kwamba paka unamtuma habari ya maziwa. Habari ya mvua, habari ya mgeni aliye mlangoni. Huwezi kumtuma paka akaseme kwamba umeumia. Mambo ya namna hiyo yalimngoja mume wangu arudi jioni na mafuta ya trekta mikononi, na hapo ndipo pasi ilipowashwa.

Chukua uji. Mimi hupika uji wa wimbi na kuukamulia ndimu, ndivyo mama yangu alivyonifundisha. Siku ya tatu nikamwagiza mume wangu amuulize mzee kama anaupenda. Jibu likaja: ameufurahia sana. Nani hapendi kusifiwa? Nikaongeza ndimu. Kesho yake nikauliza tena, nikaambiwa mzee anasema uji wa namna hii hajawahi kuunywa. Nikaacha kumpa kikombe, nikawa nampa jagi. Mzee alikuwa akilimaliza kila asubuhi, halafu nasikia kikohozi, si kile cha kutoka mlangoni, kingine.

Halafu vyombo. Nikirudi sokoni nakuta vyombo vimeoshwa, vimepangwa. Mzee wa magongo mawili, kwenye sakafu yenye maji. Niliona jinsi atakavyoanguka tena, aanguke kwangu safari hii, na ukoo wote waseme nilimtumikisha. Nikamwambia mume wangu, na nilisema kwa nguvu: mwambie baba yako asiguse vyombo vyangu, jikoni kuna utelezi. Kesho yake sikuamini. Alikuwa ameosha vyombo, na sufuria, na amesugua masizi ya chini ya sufuria, masizi ambayo mimi na Mungu tu ndio tuliojua yana umri gani. Siku iliyofuata akasugua jiko lenyewe. Nikakaa chini nikajiambia, sawa, nimeelewa, mzee anasema mimi ni mchafu. Niliumia, sitaficha. Niliumia mpaka sokoni nikamfokea mteja aliyekuwa amekuja kununua.

Sisi watu wa huku tuna tabia moja ambayo tunaiita heshima, na saa nyingine ni kweli ni heshima. Mteja hajapenda nguo, lakini hawezi kukwambia, anasema "nitarudi," na wewe unajua harudi, na yeye anajua unajua, na wote mnaagana vizuri. Mgeni ana njaa inayomkata, ukimkaribisha anasema ameshiba, na unatakiwa umlazimishe mara kadhaa ndipo ale. Ni sawa. Kila mtu anazijua hatua za huo mchezo. Lakini mtu mmoja tu akisahau kulazimisha, mgeni analala njaa, na mwenye nyumba anamwaga chakula akisema huyu mtu anaringa.

Kwetu hakukuwa na mtu wa kulazimisha. Nilikuwa napenda kipindi fulani cha jioni kwenye runinga, na kwa kuwa mzee alikuwa akikaa sebuleni wakati huo, nilikuwa nakisikiliza kutoka kwenye korido, nimekalia ndoo niliyoipindua. Siku moja mzee alikohoa akatoka ghafla, akaona ndoo, akaona mgongo wangu ukikimbia. Kuanzia jioni ile akawa anajifungia chumbani kabla giza halijaingia. Nikamuuliza mume wangu kulikoni, akasema mzee amechoka tu, anapenda kulala mapema. Mimi nikajua amenuna. Na mtu amenuna kwa sababu yako, utawezaje kwenda kujinyoosha kwenye kochi uangalie runinga? Nikabaki jikoni. Kwa hiyo mzee yuko chumbani, mimi niko jikoni, ukuta katikati, na sebuleni runinga inamwongelesha paka.

Lakini kitu kimoja kilikuwa kikitokea ambacho sikukitarajia. Nilikuwa nimemzoea. Nilizoea kusikia magongo yake asubuhi, na redio yake ndogo ikisoma habari ambazo alizijibu kwa sauti ya chini, akibishana na mtangazaji. Nikiwa jikoni nilikuwa nasubiri ajibu nini. Siku nikisikia jambo la kuchekesha sokoni, njiani narudi nalipanga jinsi nitakavyomwambia paka ili lifike. Baba yangu mwenyewe alifariki nikiwa mdogo. Sikuwa nimewahi kukaa nyumba moja na mwanamume mzee anayekunywa uji wote bila kubakisha.

Plasta ikatolewa. Daktari akasema mguu umeunga, ila bado ni dhaifu, na asikae peke yake, na habari ya ngazi aisahau kabisa. Nikafurahi, kwa sababu nilijua sasa atabaki kwetu. Jioni hiyo mume wangu alitoka kuongea na baba yake, akaja jikoni, akaanza kuangalia dari. Nikajua tu, huyu akiangalia dari kuna kitu amekiacha njiani.

Akasema mzee ameikumbuka Bungoma. Anaondoka Jumamosi.

Nikamuuliza, peke yake, na ule mguu? Akasema mzee ndivyo anavyotaka. Nikamwambia, na hapa nilishusha sauti kwa sababu ya ule ukuta lakini ukali sikuushusha, rudi umwambie hapa ni kwake. Mwambie akae. Mwambie nimesema mimi, si wewe. Mume wangu akaenda. Akarudi. Nikamuuliza mzee amesemaje. Akasema, "Amesema asante, ataondoka Jumamosi."

Basi. Utamfanya nini mtu aliyekataa nyumba yako? Ijumaa nilifunga soko mapema, nikanunua kuku, nikamfungia mzee unga wa wimbi na mfuko mzima wa ndimu, kwa sababu nilijua ndicho kitu pekee kwangu alichokipenda. Pikapu ya jirani ilikuwa imeshatafutwa. Mume wangu akatuma ujumbe kwamba trekta limekwama kwenye shamba la mtu na atachelewa kidogo. Nilikuwa nakatakata kuku kwa hasira, na jua lilikuwa linatua, na nilikuwa nikimwona mzee akilala tena chini ya ule mti na hakuna mtu wa kumsikia, kwa sababu wanafunzi nao hufunga chuo na kwenda makwao.

Simu yangu ikalia. Nikapangusa mkono kwenye leso, nikatazama. Baba Mkwe.

Hajawahi kunipigia hata siku moja. Namba yake niliiweka mwaka nilioolewa, ikakaa tu. Nilijua ameanguka, kwa sababu ni kitu gani kingine kinaweza kumfanya mtu akupigie simu kutoka chumba cha pili?

"Baba, umeanguka?"

"Sijaanguka," akasema. "Nimekaa kitandani. Nimefikiria sana. Adabu inanikataza kuangalia uso wako. Simu haina uso."

Kila neno nilikuwa nalisikia mara mbili, sikioni na kupitia ukutani, na lile la ukutani ndilo lililotangulia. Nikaketi chini sakafuni, mgongo ukutani. Akasema anaondoka kesho na hakutaka kuondoka bila kunishukuru mwenyewe, bila mtu katikati. Halafu akasema anataka kuniomba radhi. Amenifanya mgeni kwenye nyumba yangu. Kila jioni anasikia kijiko changu kikigonga sufuria, anajua ninakula nimesimama. Amejifungia chumbani ili nipate kochi langu, na bado siendi kuketi, kwa hiyo ameona hata harufu yake ndani ya nyumba inanizuia. Ndiyo maana alimwagiza mwanawe aniulize kama bado ninaweza kumvumilia, na kama siwezi ataondoka Jumamosi. Akaletewa jibu kwamba sina neno.

Nikamwambia sikuulizwa kitu kama hicho.

"Mwanangu alisema umesema huna neno. Nikaelewa niende."

"Baba, mimi nilisema ukae. Nilisema hapa ni kwako. Nilisema aseme ni mimi niliyesema."

Kumbe ukali wa sauti yangu nao ulipigwa pasi, kikabaki "hana neno" tu. Nilisikia kitanda kikilia, kama mtu anayejigeuza akae vizuri. Akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, kama kweli nilisema akae. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama nilikasirika kuhusu vyombo. Vyombo gani, nikasema, mimi niliagiza usiviguse kwa sababu ya utelezi. Kumbe yeye aliambiwa kwamba ninamshukuru sana, kwamba ninasema hajapata kutokea mtu anayeosha vyombo vizuri hivyo, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kunilipa kwa wema wangu, aliamua kusugua mpaka masizi. Masizi yale yalimpa shida, akasema.

Nikakumbuka uji. Nikamuuliza. Akasema kwa heshima zote kwamba siku ya tatu alimwomba mwanawe aniambie nipunguze ndimu, tumbo lake lina vidonda vya zamani. Siku ya nne aliomba ndimu iachwe kabisa. Halafu likaja jagi. Akajiambia, huyu mtoto ananiambia niondoke, lakini ananiambia kwa njia ya chakula.

Na wewe ulilimaliza, nikasema. Nitafanya nini, akasema, umeupika.

Hapo akaanza kucheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alicheka kwa kuvuta pumzi ndani, bila sauti karibu, ila kitanda ndicho kilichokuwa kikipiga kelele ukutani. Nami nilicheka mpaka paka akaja kuangalia. Nilimwambia nimemfungia mfuko mzima wa ndimu wa kwenda nao Bungoma, na akashindwa kabisa kujizuia, akasema ningoje kidogo apanguse macho.

Nilipoweza kuongea tena, kuna kitu kilinijia. Sijui kwa nini kilinijia wakati ule. Labda kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi ilivyo rahisi, mtu kushika simu na kusema. Nikamwambia, siku ile chini ya mti, kama simu yako ingekuwa na chaji, si ungetupigia?

"Ilikuwa na chaji," akasema.

Nikaibana simu sikioni.

"Nilimpigia mwanangu, hakushika. Nikapiga tena. Halafu nikaona jina lako. Nililiangalia muda mrefu. Nikasema, mke wa mwanangu anisikie nikilia? Nikairudisha mfukoni."

Siku ile ninaikumbuka. Biashara ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimekalia belo la mitumba, simu mkononi, naangalia picha za watu, sina kazi. Mchana mzima nilikuwa na simu mkononi. Ningeshika kabla haijalia mara ya pili. Ninajua watu Bungoma mjini ambao wangefika pale kwa pikipiki chai ikiwa bado haijapoa. Na mzee alikuwa amelala kwenye majani, mfupa umevunjika, jina langu likiwa mbele ya macho yake, akachagua kungoja watoto wa watu watoke darasani. Na mume wangu alilijua hilo, akaona litaniuma, akalipiga pasi likawa chaji.

Machozi yalinitoka, ya hasira, na nilisema kitu ambacho mwanamke wa kwetu hamwambii baba mkwe wake hata kwa simu.

"Baba, ungekufa ukiniheshimu."

Nilidhani atakata. Hakukata. Nilimsikia akipumua, kwenye simu na ukutani.

"Ni kweli," akasema. "Nimelifikiria hilo pia."

Mume wangu aliingia akanikuta sakafuni, kuku nusu amekatwa, macho mekundu, simu sikioni. Akauliza ninaongea na nani. Nikamwambia baba yako. Akakimbia chumbani akidhani kuna jambo, akamkuta baba yake kitandani na simu sikioni. Alisimama kwenye korido katikati yetu, ana mafuta mpaka kwenye nyusi, akiangalia mlango huu na mlango ule, na nafikiri alielewa kabla hatujasema kitu. Bado alijaribu. Akaanza kusema kwamba yeye alikuwa anatafuta amani tu ndani ya nyumba. Nikamwambia asimame hapohapo alipo, leo atafanya kazi ya mama yake. Nikasema kutoka jikoni: mwambie baba yako uji wenye ndimu hautapikwa tena katika nyumba hii. Akasema, "Baba, anasema uji..." na mzee akajibu kutoka chumbani kwamba amesikia, na aniambie kwamba masizi ya sufuria yangu yalikuwa ya aibu. Mume wangu akanitazama, akaangalia dari.

"Anasema masizi yalikuwa ya aibu," akasema.

Neno kwa neno. Mara ya kwanza katika ndoa yetu. Nilinuna kidogo, halafu nikarudi kumkata kuku.

Pikapu haikwenda popote Jumamosi hiyo. Mwisho wa mwezi mpangaji wa kile chumba cha ng'ambo ya ua akahamia Webuye, na mzee akaingia pale na redio yake. Ana mlango wake, anatoka bila kukohoa. Mimi nimerudi kwenye kochi langu. Uso wake bado siutazami na mkono bado hatupeani, na wala sioni kwamba tumepungukiwa na kitu. Mara mojamoja mume wangu humpeleka Bungoma kuangalia ndizi zake. Wanaoangusha avokado ni wale wanafunzi, wanakula nusu, na yeye husimama chini akiwaelekeza na gongo. Paka alikonda.

Simu sasa tunapigiana, na mwanzoni ilikuwa kwa mambo. Chumvi, maziwa, mtu mlangoni. Halafu wiki moja hivi baada ya kuhamia kile chumba alinipigia sokoni, wakati ambao hajawahi kupiga. Ilikuwa siku kubwa ya soko, nimefungua belo jipya, wanawake wamenizunguka wanavuta nguo kila upande. Nikaona jina. Nikaangusha kila kitu, nikapita juu ya nguo nikiwa na viatu vyangu.

"Baba, umeanguka?"

Akasema hapana, hajaanguka.

Nikamuuliza basi anataka nini, anaumwa, kuna mgeni, gesi imeisha? Akasema hakuna kitu kabisa, kila kitu kiko sawa, amekaa tu nje ya mlango wake anaota jua. Nikamuuliza sasa kwa nini amepiga.

"Nilikuwa nataka kujua," akasema, "kama nikikupigia, unashika."

Nikamwambia nashika, baba. Akasema haya, akakata, nami nikarudi kwa wateja wangu.